Tusimwite mvivu asomaye kwa namna nyingine

VYUO vyetu vikuu vimeanza kujenga njia za viti vya magurudumu na kumpatia mwanafunzi asiyeona maandishi ya nukta nundu. Ni hatua ya kupongezwa.

Lakini lipo kundi ambalo ulemavu wake hauonekani kwa macho. Yupo mwanafunzi ambaye herufi humchanganya, ingawa akiulizwa kwa mdomo hujibu vizuri. Yupo mwenye usonji ambaye kelele za ukumbi uliojaa humvuruga kabisa. Hawa huitwa wavivu au wakaidi, hufeli, kisha hurudi nyumbani kimya kimya.

Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 24 kinataka elimu ya juu itolewe bila ubaguzi, na kila anayehitaji afanyiwe marekebisho yanayomfaa. Kumwongezea mtu dakika 30 za mtihani, au kumruhusu ajibu kwa mdomo, hakuhitaji jengo jipya.

Wapo watakaosema huo ni upendeleo. Tuwakumbushe historia. Baada ya 1994 wengi tulirejea kutoka uhamishoni Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo. Huyu hajui Kifaransa, yule hajui Kiingereza. Kilichokuwa Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare hakikutuita wajinga. Kiliweka masomo ya lugha kwanza, ndipo mtu akaingia kwenye fani yake. Hakuna aliyesema shahada zimeshuka thamani.

Tatizo kubwa zaidi liko juu. Temple Grandin wa Marekani, mwenye usonji na aliyechelewa sana kuanza kuzungumza utotoni, alifika kuwa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Je, mhadhiri wetu wa aina hiyo angethubutu kujitaja kabla ya usaili wa ukuu wa idara? Na kama yeye hathubutu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atathubutu vipi?

Tunaiomba Wizara ya Elimu na wakuu wa vyuo wachukue hatua tatu. Fomu ya usajili imuulize mwanafunzi anahitaji msaada gani, bila kumdai kwanza cheti cha daktari bingwa. Usaili wa vyeo upime kazi aliyoifanya mtu, si ufasaha wa ulimi peke yake. Na atakayeitaja hali yake asinyimwe cheo kwa sababu hiyo.

Nchi iliyotusubiri tujifunze lugha haiwezi kushindwa kumsubiri mwanafunzi dakika 30.