Baraza limepitisha bajeti: mbona fedha za mkopo hazijamfikia mwanafunzi?

Kila mwaka ifikapo Mei na Juni, Baraza la Wawakilishi hukaa Chukwani kujadili bajeti ya Serikali, nasi huwaletea mijadala hiyo redioni. Ikifika zamu ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, simu zenu huwa nyingi. Swali linalorudi, kutoka Makunduchi mpaka Nungwi, ni moja: tumesikia kwa masikio yetu kwamba fedha za mikopo zimepitishwa, mbona mtoto bado yuko nyumbani anasubiri?

Swali hilo ni la haki. Katika makala hii tunaeleza njia inayopitwa na fedha hizo tangu wawakilishi waseme "ndiyo" mpaka zifike chuoni, na kwa nini kiasi anachokitaja Waziri si jambo la pekee la kusikiliza.

Kupitisha bajeti si kutoa fedha

Baraza linapopitisha bajeti, linatoa ruhusa. Linaiambia Serikali kwamba inaweza kutumia kiasi fulani kwa kazi fulani, kuanzia tarehe 1 Julai mpaka 30 Juni ya mwaka unaofuata. Fedha zenyewe bado hazijaingia zote hazina. Hukusanywa mwezi kwa mwezi kutokana na kodi, ushuru na mapato mengine, kisha hugaiwa kwa wizara na taasisi kadiri zinavyopatikana. Visiwa vyetu vinategemea sana utalii. Wageni wakipungua, kama ilivyokuwa 2020 wakati wa korona, makusanyo nayo hushuka, na kila fungu hulazimika kusubiri zamu yake.

Sasa tuitazame kalenda ya chuo. Masomo ya mwaka wa kwanza huanza kiasi cha Oktoba au Novemba. Tangu wiki ya kwanza mwanafunzi anadaiwa ada, anatafuta pa kulala na anahitaji kula. Mtoto wa Nungwi aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kampasi ya Tunguu, hata akiamua kukaa kwao, atapanda gari mpaka mjini na jengine mpaka Tunguu, kwenda na kurudi, siku zote za masomo. Mkopo ukichelewa miezi miwili, mzee mwenye mshahara anaweza kukopa benki akasubiri. Mzee anayeishi kwa uvuvi au kilimo cha mwani ana njia chache. Atauza ng'ombe, atakopa kwa jamaa, au atamwambia mtoto arudi nyumbani mpaka mwakani, na mwakani wengine hawarudi tena chuoni.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kusikiliza ni hili. Hotuba ya bajeti ya Waziri huwa na sehemu mbili: utekelezaji wa mwaka unaomalizika, na maombi ya mwaka unaokuja. Vyombo vya habari, sisi tukiwemo, hukimbilia sehemu ya pili kwa sababu ndiyo yenye habari mpya. Lakini sehemu ya kwanza ndiyo inayoonesha, katika fedha zilizoruhusiwa mwaka jana, ni ngapi zilitoka kweli na zilitoka lini. Fungu kubwa linalotoka nusu linaweza kumfaa mwanafunzi kidogo kuliko fungu dogo linalotoka lote na kwa wakati.

Mwakilishi asiyeridhika na maelezo anayo nafasi ya kubana. Baraza linapokaa kama kamati kupitia fungu baada ya fungu, anaweza kuzuia shilingi, yaani kutaka fungu la Waziri lipunguzwe shilingi moja mpaka apewe jibu. Shilingi yenyewe haina thamani kubwa, lakini humlazimisha Waziri asimame na kueleza, na maelezo hayo huingia kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza.

Milango miwili ya mkopo

Jambo la pili linawachanganya wazee wengi. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, elimu ya juu ni jambo la Muungano, wakati skuli za msingi na sekondari za hapa Zanzibar zinasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi. Ndiyo maana vyuo vikuu vya Unguja vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ingawa SUZA ilianzishwa kwa sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1999.

Kwa upande wa mikopo, kijana wa Kizanzibari ana milango miwili. Mmoja ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo fungu lake hujadiliwa Chukwani. Wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Jamhuri ya Muungano, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ambayo fungu lake hujadiliwa Bungeni Dodoma. Mwanafunzi hawezi kulipiwa na bodi zote mbili kwa wakati mmoja.

Fungu la HESLB limekua haraka. Lilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka wa fedha 2020/21, likafika bilioni 570 mwaka 2021/22, na bilioni 787 mwaka 2024/25. Fedha hizo ni za wanafunzi wa Jamhuri nzima, na mtoto wa Jambiani ana haki ya kuziomba kama wa Mwanza. Kila jimbo la Zanzibar linachagua mwakilishi wa kukaa Chukwani na mbunge wa kukaa Dodoma. Kwa hivyo jimbo lako lina watu wawili wa kuulizwa. Wa Chukwani aulizwe juu ya fungu la Bodi ya Zanzibar. Wa Dodoma aulizwe ni vijana wangapi wa Zanzibar waliopita kwenye mlango wa HESLB, na waliokataliwa walikataliwa kwa sababu gani.

Nani anahesabiwa kuwa hana uwezo?

Fedha zikiwa hazitoshi wote, lazima mtu aamue nani atangulie. Kenya inatupa somo la karibuni. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ilileta utaratibu mpya uliowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, na kila kundi likapewa kiasi tofauti cha ufadhili na mkopo. Wengi walilalamika kwamba watoto wa familia duni waliwekwa kwenye makundi ya wenye uwezo. Wanafunzi waliandamana, kesi ikafunguliwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba.

Tatizo hilo linatugusa hapa moja kwa moja. Mwalimu wa serikali ana hati ya mshahara, na kipato chake kinaonekana. Mama anayelima mwani Paje hana hati yoyote. Mwezi mmoja anauza vizuri, mwezi mwengine mwani umekufa kwa joto la maji au bei imeanguka. Fomu inapomuuliza kipato chake cha mwaka, ataandika nini? Wawakilishi wa majimbo ya shamba ndio wanaolijua jambo hili zaidi, na ndio wanaopaswa kuuliza bodi zinatumia vigezo gani kumpima mtu kama huyu.

Mkopo ni deni

Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 23 Septemba 1964, siku Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo. Kwa baadhi yao, neno mkopo kwenye elimu bado haliingii akilini. Lakini katika elimu ya juu Tanzania ilianza utaratibu wa kuchangia gharama katika miaka ya 1990, na mikopo iliyotolewa na Serikali tangu Julai 1994 inatakiwa irudishwe.

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu. Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha sheria ya HESLB, na makato ya mdaiwa aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi asilimia 15. Wafanyakazi walilalamika sana, hasa kwa sababu deni lenyewe liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo ya asilimia 6.

Kila upande una hoja yake. Fedha zinazorejeshwa ndizo zinazomsomesha mdogo wako, na bodi isiyorejeshewa hubaki kusubiri hazina kila mwaka. Upande wa pili, kijana aliyemaliza shahada na anafanya kazi hotelini kwa mkataba wa msimu, au hana kazi kabisa, hawezi kukatwa mshahara asiokuwa nao. Na aliyekwenda Oman kutafuta maisha hana mwajiri wa hapa wa kumkata. Kuimarisha ukusanyaji bila kuzungumzia ajira hakutafika mbali. Kwa maoni yetu, mambo haya mawili yanafaa yajadiliwe pamoja, na mara nyingi hujadiliwa mbali mbali.

Nafasi za masomo nazo zinaongezeka. Vyuo vikuu vya kwanza hapa vilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2023 taasisi ya India, IIT Madras, ilifungua kampasi yake Bweleo. Ni habari njema, lakini kila nafasi mpya inaleta mwombaji mpya wa mkopo. Kiasi kinaweza kupanda kila mwaka na bado waliokosa wakazidi.

La kufanya nyumbani

Mwakilishi au mbunge wako akirudi jimboni, muulize mambo matatu: mwaka jana zilitoka fedha ngapi na mwezi gani, vigezo vinamhesabu vipi mkulima na mvuvi, na madeni ya zamani yamerejeshwa kiasi gani.

Na ikiwa una mtoto wa kidato cha sita, usisubiri matokeo. Angalia sasa kama majina kwenye cheti chake cha kuzaliwa yanafanana na ya vyeti vya skuli, na cheti hicho kihakikiwe mapema kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mwone sheha kabla hakujawa na foleni. Bajeti ikichelewa huna uwezo nayo, lakini kosa la herufi moja kwenye jina unaweza kulirekebisha wiki hii.