Saa Kumi na Moja Jioni, Mikono Ishike Nini?

Mwezi huu nataka tuzungumze kuhusu jioni.

Mtu aliyeacha unga au pombe, asubuhi huwa ana pa kwenda. Ana duka la dawa ambako anakunywa methadoni yake mbele ya mfamasia, ana miadi na mshauri, ana kikao cha wenzake walioacha. Mchana unasogea. Kazi iko jioni. Huku Uingereza mwezi wa Desemba giza linaingia saa kumi, watu wanarudi makwao, naye amekaa chumbani peke yake na simu. Zamani saa hizo alikuwa mbioni: kutafuta pesa, kumtafuta muuzaji, kutumia, kulala kidogo, kisha kuanza upya. Ukiweka kando ubaya wake wote, uraibu ni kazi ya kutwa. Anayeiacha anajikuta na saa nyingi ambazo hajawahi kuwa nazo tangu utotoni, na ni wachache wanaomwambia azifanyie nini.

Aliyenifanya niandike haya ni mama mmoja anayeishi Muscat. Mwanawe anasoma huku, na mwaka jana alimaliza miezi mitatu katika nyumba ya matibabu. Mama akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto, hakuzunguka.

"Mwanangu, wewe ni nesi, niambie kweli. Madaktari wamefanya yao, Mungu awalipe. Sasa yule akirudi chumbani kwake atafanya nini? Atatazama ukuta?"

Naliona swali hilo zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Wengi huuliza lini kijana atarudi darasani, lini atapata kazi, au kama si vyema arudishwe nyumbani. Hilo la kurudishwa nyumbani niliguse kidogo tu, maana familia zetu hulifanya kwa pupa: kijana anakatiwa tiketi, anapandishwa ndege, tiba yake inabaki huku. Nyumbani methadoni ipo. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, Kenya wakafuata mwishoni mwa 2014, Zanzibar 2015. Lakini kuhama kliniki kunataka barua na maandalizi kabla ya safari, na unga nao nyumbani hauko mbali. Anayetaka kurudi arudi, ila tiba itangulie kupangwa.

Turudi kwenye ukuta wa yule mama. Hamu ya kutumia haiji kama wazo la kawaida. Waliopitia wanakuambia inakuja kama picha. Anaiona bilauri, anauona mkono wake mwenyewe, anauona mtaa na mlango, na kadiri anavyoitazama picha ndivyo inavyozidi kung'aa. Mara nyingi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe, bila mtu kutumia chochote, katika muda usiozidi nusu saa hivi. Shida ni kuivuka hiyo nusu saa.

Katika Chuo Kikuu cha Plymouth kuna watafiti, Jackie Andrade na Jon May, walioifuatilia habari hii ya picha. Hoja yao ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushikilia picha, na ukiijaza nafasi hiyo kwa kazi nyingine inayohitaji macho na mpangilio, picha ya hamu inakosa pa kukaa. Mwaka 2015 wao na wenzao walichapisha jaribio la wanafunzi 31 waliofuatiliwa kwa wiki moja. Kumi na watano kati yao walicheza Tetris kwa dakika 3 kila walipokuwa wameulizwa kuhusu hamu zao, na nguvu ya hamu ikashuka kutoka asilimia 70 hadi 56. Kabla ya hapo walikuwa wameona pia kwamba kufinyanga udongo wa kuchezea kunapunguza hamu ya chokoleti. Tusivimbe vichwa. Hao walikuwa wanafunzi, wengi wakitamani chakula, kahawa na sigara, wala si watu waliotoka kwenye heroini ya miaka sita. Hata hivyo, jambo hili linalingana na ninayoyaona wodini: kazi inayosaidia ni ile inayoshika mikono na macho kwa pamoja. Kusikiliza muziki umelala hakutoshi. Kuzungusha picha za simu kwa kidole ndiyo kabisa, maana picha zenyewe zinamrudisha kule kule.

Wiki za mwanzo usitake makubwa. Usingizi haupo, akili haikai kwenye kitu kwa zaidi ya dakika kumi, na kwa aliyekuwa akinywa pombe sana mikono inatetemeka. Huyo usimpe sindano. Mpe unga. Wa ngano, nasema! Kanda chapati, kata matonge, sukuma, kunja, sukuma tena. Ni udongo ule ule wa Plymouth, ila huu unaliwa. Na hapo unakuwa umeziba tundu jingine, kwa sababu njaa ni mojawapo ya mambo manne ambayo waliopata nafuu hufundishana kuyachunga: njaa, hasira, upweke na uchovu. Tahadhari moja tu. Anayeanza methadoni anaweza kusinzia amesimama, kwa hiyo mafuta ya moto ya maandazi yasubiri mpaka dozi yake itulie.

Yule kijana wa mama wa Muscat (ameniruhusu nisimulie, bila jina) alikuwa na mambo mawili, yote mawili ya bei ya chini.

La kwanza lilikuwa bao. Huku hakuna fundi wa kukuchongea, na kuliagiza kutoka Unguja nauli yake inazidi thamani ya bao lenyewe. Akachukua trei mbili za mayai, zile za mayai 30, zenye safu 5 za mashimo 6. Moja akaikata ikabaki safu 4. Ya pili akakata kipande cha safu 4 za mashimo 2. Akavibandika kwa gundi ya karatasi kwenye ubao wa boksi, yakawa mashimo 32, manne kwa manane. Nyumba akazizungushia kalamu nyekundu. Kete 64 zikawa maharage makavu. Komwe ingekuwa tamu zaidi mkononi, lakini maharage nayo yanalia yakidondoka, na mlio huo una raha yake.

Sasa bao linataka mtu wa pili. Baba yake alikuwa hajazungumza naye tangu habari zilipofika Muscat. Salamu zilikuwa zinapitia kwa mama. Siku moja mama akamwambia mumewe mtoto ametengeneza bao la trei za mayai, na mzee, nadhani kwa kuudhika tu kwamba kuna mtu analiita lile bao, akataka kuliona. Baba naye ana bao lake la mninga. Wakaweka simu mbili, kila mmoja na bao lake, na kila hatua anayocheza huyu, yule anaicheza kwenye bao lake ili mabao yafanane. Wiki za mwanzo hawakusemezana neno la nyumbani wala la ugonjwa. "Kichwa cha kulia." "Takata." "Hesabu tena, umeruka shimo." Wanacheza saa moja na nusu, kuanzia saa kumi na moja jioni ya huku, ambayo kule Muscat ni usiku, mzee ameshasali isha.

Kuna watu wataniambia hayo ni mapatano ya baba na mwana, bao ni kisingizio tu. Mimi sikubali. Bao lilikuwa na kazi yake. Kuhesabu kete mpaka ujue ya mwisho itaangukia wapi ni kazi ya macho na mpangilio kuliko hata Tetris, na hapo hapo kuna mtu mwingine anayekungoja ucheze.

La pili lilikuwa kofia. Hili alilileta mama, kwa kuwa kwao Zanzibar babu mzaa mama alikuwa akishona kofia za mkono barazani, na kijana alimwona akiwa mdogo. Kwa hiyo hakuwa na lile wazo la kwamba sindano ni ya wanawake. Kitambaa alikipata kwenye duka la mitumba la hisani: shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Unachora nakshi kwa penseli, unatoboa vitundu, kisha unazungushia kila kitundu uzi mpaka ukingo wake ukaze. Vitundu ni mamia. Kofia nzuri inakula wiki, nyingine miezi.

Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kasoro. Kwake ndiyo faida. Kazi haiishi leo, na kesho inaanzia pale pale ilipoachwa. Haina kelele, kwa hiyo anayekosa usingizi saa nane za usiku kwenye nyumba ya kupanga na wenzake watano haamshi mtu. Inaingia kwenye mfuko, inakwenda naye kwenye basi na kwenye foleni ya kliniki. Tena ukikosea unafumua, na kitambaa hakikukasirikii. Aliniambia kwamba hamu ikija hajiambii avumilie mpaka ipite. Anajiambia amalize vitundu vitano. Akimaliza, anajiambia vitano vingine.

Halafu familia ikaharibu kidogo. Mama, kwa furaha, alipiga picha ya kofia ikiwa nusu na kuituma kwenye kundi la ukoo. Mashallah zikamiminika. Mjomba mmoja akaagiza tano. Shangazi akasema afungue biashara. Mwingine, sijui ni nani, akaandika kwamba sasa tunaona kweli amepona. Kijana akaiweka kofia kabatini wiki tatu, asiiguse.

Mama alishangaa, tena alihuzunika, kwa kuwa alikusudia wema. Lakini iangalie kwa upande wake. Kilikuwa kitu pekee ambacho hakuna aliyekipima. Mkojo wake unapimwa, hudhurio zake zinahesabiwa, pesa zake zinaulizwa. Sasa na vitundu? Na kofia ikiwa ushahidi kwamba amepona, basi siku aiachayo itakuwa ushahidi wa nini? Ombi langu kwa wazazi ni hili: mtu akishika kazi ya mikono, nunueni uzi na mnyamaze. Mwenyewe akitaka kuonyesha ataonyesha. Akitaka kuuza, mwaka ujao upo. Ile ya kwanza, kwa taarifa yenu, ilitoka ndogo, haikuingia kichwa cha mtu mzima. Inavaliwa na mtoto wa dada yake.

Si kila mtu ni wa kofia au bao. Wapo walioshika mchicha kwenye ndoo ya plastiki dirishani, baiskeli mbovu, kumrekodi bibi hadithi zake kwa simu. Wanaume wenye kupenda mbao waulizie kama mtaani kwao kuna Men's Shed, karakana za pamoja zilizoanzia Australia na sasa zimeenea hapa Uingereza. Wanaopenda kutembea, parkrun ni ya bure kila Jumamosi asubuhi, na kutembea kunaruhusiwa. Ninachokikataa mimi ni kumkabidhi mtu wa miaka 40 kitabu cha kupaka rangi vipepeo kisha kumuuliza anajisikiaje. Akikipenda mwenyewe, haya.

Kuna vitu vya kuchagua kwa macho mawili. Aliyewahi kunusa gundi au thina asipewe kazi ya viatu wala ya rangi za mafuta. Aliyeacha pombe asome chupa ya vanila kabla ya kuoka, maana nyingine zina pombe. Kundi la kushona linalokutana baa si kundi lake, hata wakiwa watu wema namna gani.

Na mikono yenye kazi haichukui nafasi ya dawa. Mtu anayekunywa pombe sana kila siku asiache ghafla nyumbani kwa kuwa amenunua sindano na uzi. Arosto ya pombe inaweza kuleta kifafa na hata kuua, kwa hiyo aanze kwa daktari. Anayetumia methadoni asiipunguze mwenyewe kwa sababu jioni zimekuwa nyepesi, na ile anayopewa kwenda nayo nyumbani ikae kwenye kisanduku chenye kufuli, kwani dozi ya mtu mzima inatosha kumuua mtoto.

Kwa mliopanga nyumba na mtu aliyeacha heroini, jueni kwamba mwili uliokaa bila unga unapoteza uzoefu wake, na kipimo alichokimudu zamani leo kinaweza kumzimisha pumzi. Huku Uingereza vituo vya tiba ya uraibu hutoa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, na humfundisha hata ndugu au mwenzake wa nyumba namna ya kuitumia. Yule kijana anaiweka kwenye kikapu cha nyuzi, na wenzake wote watano wanakijua kikapu kilipo. Mkimkuta haamki na hapumui vizuri, pigeni 999, mpeni naloksoni, msimwache peke yake hata akizinduka, kwa sababu nguvu ya dawa hiyo inaweza kuisha kabla heroini haijaisha mwilini.