Diski Ikianza Kusumbua, Usikimbilie Fomati

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa hapa Lamadi na vijiji vya jirani, leo tunaweka pembeni viwavijeshi na mbolea tuzungumzie kompyuta. Usiseme haikuhusu. Jina lako, ekari zako, kilo zako za pamba na namba ya simu unayolipiwa vimo ndani ya kompyuta ya mtu, na mara nyingi ni laptopu ya mtumba inayokaa chini ya bati, dirisha limeelekea barabarani, vumbi la magari ya Bariadi na Musoma linaingia mchana kutwa.

Ndani ya laptopu hiyo kuna diski, ambayo mafundi huiita hadidiski. Ni sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma kikielea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi. Umeme ukikatika ghafla kwenye laptopu ambayo betri yake ilishakufa, au ikirushwa kwenye pikipiki ikiwa bado inawaka, hicho kichwa ndicho kinachoumia.

Sasa diski inaanza kusumbua. Kompyuta inachukua dakika kumi kuwaka, faili la wanachama linagoma kufunguka, inajizima. Katibu anaibeba kwa fundi, fundi anasema "tupige fomati". Mimi napinga kabisa fomati kuwa dawa ya kwanza. Fomati haitibu diski mbovu. Ile ya haraka inafuta orodha ya mafaili tu, ile kamili inaandika upya diski nzima na kila kitu kinapotea. Baada ya hapo kompyuta inawaka vizuri wiki mbili, wote mnafurahi, na ugonjwa uko palepale.

Kitu cha kwanza ni kunakili, hata kabla ya kujua ugonjwa ni nini. Toa mafaili ya muhimu uyaweke sehemu mbili tofauti, na moja isikae ofisini. Anza na daftari la wanachama, mizani, madeni na malipo. Picha za mikutano zisubiri. Faili la Excel lenye majina 500 kwa kawaida ni dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo usiniambie bando halitoshi kulituma kwenye barua pepe ya ofisi. Na usimruhusu fundi aanze ule ukaguzi mrefu wa kutwa nzima kabla hujanakili, maana diski iliyochoka inaweza kufia humo humo.

Kuna hali moja ambayo hata kunakili mwenyewe usijaribu: ukisikia tik-tik-tik inayojirudia, au mkwaruzo. Zima. Kila ukiwasha tena, kichwa kinaweza kuzidi kuzikwangua sahani. Kama kilichomo ni cha thamani, itafutiwe mtaalamu wa kuokoa data mwenye chumba kisicho na vumbi, na ujiandae kwa gharama. Fundi anayetaka kufungua kifuniko cha diski mezani kwake, mwambie asante, uchukue mzigo wako uondoke.

Ukishanakili ndipo unauliza kama diski ibadilishwe. Hapa huhitaji kubahatisha, kwa sababu diski inajiandikia afya yake yenyewe. Ipo programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ukiifungua inakupa rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye orodha, tafuta mistari yenye alama 05, C5, C6 na C7, usome safu ya mwisho kulia.

Mstari 05 unahesabu sehemu za diski zilizoharibika ambazo diski imezikimbia na kuhamia sehemu za akiba. C5 ni sehemu zinazotiliwa shaka, zinasubiri uamuzi. C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Hizo tatu zikiwa sifuri tupu, ni habari njema. Zikiwa na namba, iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, kisha angalia tena baada ya wiki moja. Wewe unajua kunde. Ukiona tundu moja la fukusi gunia zima haliwi bovu siku hiyo, lakini ukirudi baada ya wiki ukakuta matundu ishirini, unajua kinachoendelea. Na diski ni hivyo hivyo: namba ikikaa palepale kwa miezi, unaweza kuendelea nayo kwa kazi nyepesi. Ikipanda, diski hiyo inakwenda.

Hapa ndipo fomati inapodanganya watu. Ikiandika upya diski nzima, zile za C5 zinaweza kurudi sifuri, fundi akakuonyesha kuwa imepona. Wewe linganisha 05 ya kabla na ya baada. Mara nyingi utakuta waliotoka C5 wamehamia kule.

C7 ni tofauti, na inaweza kukuokolea pesa. Huo mstari ukipanda wakati vile vitatu ni sifuri, mara nyingi tatizo ni waya unaounganisha diski na kompyuta, au umelegea. Badilisha waya, au ichomoe diski uipachike upya vizuri, uangalie kama namba imeacha kupanda. Vilevile kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi wa diski mbovu. Memori ndogo, virusi, feni iliyoziba vumbi au diski iliyojaa pomoni huleta uzito uleule. Mtu akikuambia ununue diski mpya bila kukuonyesha namba hizo, mwambie akuonyeshe kwanza.

Mwaka 2007 wahandisi wa kampuni ya Google walitoa utafiti wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika kujikagua kwake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 zaidi kuliko ile isiyo na kosa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa, asilimia 56, hazikuwa zimeonyesha hata moja ya zile dalili nne kubwa. Kwa lugha yetu, dalili ikionekana iamini, isipoonekana usijiachie. Ndiyo maana kunakili nimekuweka mbele ya yote.

Je, kila diski yenye sehemu mbovu itupwe? Hapana, na hapa natofautiana na wanaosema badilisha tu. Kijana mwenye kibanda cha kurusha nyimbo na sinema kwenye flashi za wateja, diski yake ikiwa na njano, aendelee nayo mpaka ife. Nyimbo zile atazipata kwa mwenzake kesho. Mwenye steshenari anayechapa barua na kuzifuta, naye anaweza kusubiri. Lakini AMCOS, kikundi cha kukopeshana, duka la pembejeo lenye madeni ya wakulima, wakala anayetunza kumbukumbu za miamala: hapo namba ikianza kupanda, badilisha wiki hiyo hiyo.

Viongozi wengi hupima bei ya diski kwa kuilinganisha na bei ya kompyuta yenyewe. "Kompyuta ya mtumba, diski mpya ya nini?" Mimi naipima kwa kazi ya kurudia. Tuseme chama kina wanachama 600, na kila mmoja anahitaji dakika kumi kuandikwa upya: jina, kitongoji, ekari, simu, kilo. Hizo ni dakika 6,000, sawa na saa 100. Mtu akikaa saa nane kwa siku, ni siku kumi na mbili na nusu. Na hapo nimechukulia kwamba karatasi za awali zipo na mchwa hawajazipitia. Hayo yakitokea masoko ya pamba yanapofunguliwa, ambayo kwa kawaida ni mwezi wa tano, mkulima aliyeshusha mzigo wake atasubiri malipo kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani. Halafu wanaanza kusema katibu amekula.

Ukiamua kubadilisha, fanya hivyo kabla ya msimu, na ulizia aina isiyo na sahani zinazozunguka, mafundi huiita SSD. Kwa laptopu nyingi za zamani inaingia palepale pa ile ya kwanza, na ya GB 240 au 256 inatosha kabisa ofisi ya kijiji. Inavumilia mtikisiko wa pikipiki na kompyuta inawaka haraka mpaka utashangaa. Kasoro yake ni kwamba inaweza kufa ghafla bila kupiga kelele yoyote, hivyo kunakili kila Ijumaa kunabaki palepale. Ukinunua diski ya mtumba, au laptopu nzima, angalia juu kulia kwenye programu ile ile idadi ya saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 20,000 imewaka zaidi ya miaka miwili mfululizo, sasa wewe na muuzaji zungumzeni bei mkijua hilo.

Diski ya zamani usimwachie fundi "akusaidie kuitupa", wala usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Imebeba namba za simu, akaunti za benki na vitambulisho vya wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa hizo azilinde. Kaa nayo kabatini miezi michache mpaka uhakikishe hakuna faili lililosahaulika. Kisha ifunge ndani ya gunia, maana baadhi zina sahani za kioo zinazoruka vipande, uipige nyundo mpaka sahani zivunjike au zipinde, mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, na muandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba imeharibiwa.