Maumivu ya majeruhi wa kazini: daktari naye hurudi darasani

Baba akirudi kutoka kazini amejishika kiuno, nyumba nzima huugua. Mama atateleka maji ya kukanda, kifungua mimba atatumwa duka la dawa, na swali ni moja tu: ni tembe gani kali itakayoyamaliza maumivu haya leo hii?

Wengi wetu tunaamini kwamba daktari hodari ni yule atoaye dawa kali upesi. Msomaji mpenzi, imani hiyo iliwagharimu wenzetu wa Marekani maisha, na ilibidi madaktari wao warudi darasani.

Tazama jimbo la Washington, lililo magharibi ya nchi hiyo, mbali na mji mkuu wenye jina kama hilo. Huko, mtu akiumia kiwandani, kwenye mjengo au akikata magogo msituni, aghalabu hazina ya jimbo ndiyo imlipiayo matibabu. Hazina hiyo iko chini ya Idara ya Leba na Viwanda. Kwa kuwa bili hupitia hapo, idara iliona jambo ambalo daktari mmoja katika zahanati yake hangeweza kuliona.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin, mojawapo ya dawa za jamii ya afyuni, na madaktari wakaambiwa wasihofu sana uraibu. (Mwaka 2007 kampuni mshirika wake ilikiri mahakamani kuwa dawa hiyo ilitangazwa kwa njia ya kupotosha.) Dozi zikapanda. Mwaka 2005 Dakta Gary Franklin, daktari mkuu wa idara hiyo, na wenzake walichapisha matokeo ya kuhuzunisha: majeruhi 32 walikuwa wamekufa, kwa hakika au yamkini, kwa kuzidiwa na dawa hizo bila kukusudia. Watu waliotafuta matibabu ya maumivu waliishia kwenye jeneza.

Utafiti mwingine wa mwaka 2008 ulifuatilia wafanyakazi 1,843 walioumia mgongo. Waliopewa dawa hizo kwa zaidi ya siku saba mwanzoni walikuwa na uwezekano wa takriban maradufu wa kuwa bado hawajiwezi kazini baada ya mwaka mmoja, hata baada ya ukubwa wa jeraha kuzingatiwa.

Mwaka 2007 jimbo lilikuwa limetoa mwongozo na masomo ya bure kwa madaktari. Walifundishwa wasipite kiasi kilicho sawa na miligramu 120 za mofini kwa siku kabla ya kushauriana na bingwa, ikiwa mgonjwa haonyeshi nafuu. Na kwa vile mabingwa wa maumivu ni wachache, Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha vikao vya kila wiki kwa njia ya video, ambapo daktari wa kijijini hueleza kisa cha mgonjwa wake na kushauriwa. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba dozi na vifo miongoni mwa majeruhi vilikuwa vimeanza kushuka.

Lakini somo kubwa si la miligramu. Daktari hufundishwa kubadili swali. Badala ya kuuliza tu "Unaumwa kiasi gani?", sasa huuliza pia "Juma hili umeweza kufanya nini?" Je, umetembea? Umelala? Umembeba mtoto? Dawa isiyomrudishia mtu maisha yake, hata ikimlevya maumivu, haijamtibu.

Tusielewane vibaya. Kumnyima mtu dawa ya maumivu ni ukatili. Jirani zetu wa Uganda, tangu mwaka 2004, wameruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum kutoa mofini kwa wagonjwa mahututi, na wengi wamepata kufa kwa amani. Dawa ni ile ile. Tofauti ni ujuzi wa mkono unaoitoa.

Basi nasi tufanyeje? Ukipewa tembe kali za maumivu, muulize daktari bila haya: Nitazinywa kwa siku ngapi? Nitajuaje kama zinanisaidia? Nitaziacha vipi? Usimgawie jirani wala usichanganye na pombe, kwani vyote viwili huweza kuzima pumzi. Na aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla. Apunguziwe polepole na daktari, la sivyo atateseka.

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Katika chumba cha daktari, kuuliza huenda kukamrudisha baba nyumbani akitembea.

Tukutane Jumapili ijayo.