Paka Hakuuawa na Kisu



Leo nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kukausha mahindi, lakini mahindi yatasubiri. Wiki hii nilisimamishwa sokoni na mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mzee ninayemheshimu, akanisema mbele za watu: "Bwana mifugo, umeniulia paka." Paka wake jike, mlinzi wa ghala lake, alifungwa kizazi Alhamisi na daktari wa mifugo. Mimi ndiye niliyemshauri ampeleke. Jumamosi asubuhi paka akakutwa amekufa. Hukumu ya mzee ikawa moja tu: kuhasi paka ni utapeli, na mtu asipoteze hela yake huko. Waliokuwa pale wakaitikia.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, ulipomrudisha nyumbani ulimfanyia nini?" Akanieleza bila kuficha. Usiku wa kwanza paka alilala ghalani, juu ya magunia kama kawaida yake. Ijumaa akawa analia, akahurumiwa, akapewa panadoli iliyosagwa kwenye maziwa, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni. Kidonda kikapakwa oili chafu ya pikipiki ili nzi wasitue. Usiku uso ukavimba, akawa anahema kwa shida, na fizi zikageuka rangi ya kahawia.

Ndugu zangu, huyo paka hakuuawa na kisu. Aliuawa na panadoli. Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zitafanya vilevile kesho, kwa nia njema kabisa.

Panadoli ni sumu kwa paka

Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita panadoli, mwili wa binadamu unaiweza. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Inabaki mwilini, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba hewa. Ndiyo maana fizi hugeuka kahawia au bluu, na uso na miguu kuvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Hata robo usimpe.

Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziko kundi hilo hilo la hatari. Paka ana dawa zake za maumivu, na anayezitoa ni daktari wa mifugo kwa kupima uzito wake. Kabla hujaondoka pale alipopasuliwa, uliza: "Amechomwa sindano ya maumivu? Nyumbani nimpe nini, kiasi gani, siku ngapi?" Kama ameshapewa panadoli kwa bahati mbaya, mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo. Maziwa hayatoi hiyo sumu.

Hoja ya "paka ana roho saba"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kila kijiji. Paka ana roho saba, atajilamba atapona. Mtu huyo huyo mbuzi wake akijifungua kwa shida anakesha naye zizini. Paka jike anayefungwa kizazi hupasuliwa tumbo, hutolewa ovari zake, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi, halafu hushonwa. Huo ni upasuaji mkubwa. Kwa dume ni jambo dogo zaidi, mara nyingi kidonda hakishonwi kabisa, lakini kidonda ni kidonda.

Na huko kujilamba ndiko kunakofumua nyuzi. Ulimi wa paka una miba kama msasa.

Kuna wengine wanaoruka kabisa hatua ya daktari na kumwita fundi mwenye wembe, paka akatiwa kwenye gunia na kukatwa bila ganzi. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimruhusu mtu kumtesa mnyama hivyo. Usinisimulie kwamba "yule wa jirani alipona". Waliokufa hawasimuliwi.

Usiku wa kwanza

Paka anayetoka kwenye dawa ya usingizi huyumba kama mlevi, macho wazi na mboni kubwa, na mwili wake hupoa haraka. Ukimweka juu ya magunia ataanguka. Ukimweka karibu na jiko anaweza kuungua kwa sababu hana nguvu ya kusogea.

Chukua tenga kubwa la kuku lililo safi, tandika kanga kuukuu, liweke sakafuni kwenye chumba tulivu chenye giza kidogo. Jaza maji ya vuguvugu kwenye chupa, izungushie kitambaa, iweke kando yake. Watoto na mbwa wasimsogelee. Akiwa katika hali hiyo anaweza kumng'ata hata anayemlisha.

Maji mpe akishaweza kuinua kichwa na kusimama. Chakula mpe kidogo, kama nusu ya kawaida yake au pungufu: ugali laini wenye samaki au dagaa wasio na chumvi. Maziwa acha, paka wengi wakubwa huwaharisha.

Siku kumi za kwako

Daktari anafanya kazi kwa dakika chache. Siku zinazofuata ni zako. Kwa jike hesabu siku 10 hadi 14, mpaka nyuzi zitolewe au daktari aseme amepona. Dume kwa kawaida wiki moja inatosha.

1. Akae ndani. Asirudi ghalani kuruka magunia na kupanda mapaa. Panya wa siku kumi utawavumilia.

2. Asijilambe. Kwa jike, kata mkono wa sweta kuukuu, toboa matundu manne ya miguu, mvishe kama fulana, usimbane. Ukiweza kupata kola ya shingoni kwa daktari, ni bora zaidi.

3. Choo chake kiwe karatasi zilizochanwachanwa badala ya mchanga au majivu. Mchanga huingia kidondani, hasa kwa dume.

4. Usimwogeshe. Kidonda kikichafuka, futa pembeni kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita.

5. Kidonda kitazame asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo si ajabu. Damu inayochuruzika, usaha, harufu mbaya, nyuzi kufumuka, kutapika mara kwa mara, kutokula au kutokojoa kwa saa 24, fizi kupauka: hapo mpigie daktari. Usingoje kuche.

6. Nzi wakitua, mayai yao huweza kuwa funza ndani ya siku moja. Kinga yake ni chumba safi na kitambaa chepesi juu ya tenga.

Oili chafu, mafuta ya taa, majivu na unga wa betri visiguse kidonda. Paka hulamba kila kinachompaka, kwa hiyo ukimpaka umemlisha. Kadhalika dawa ya kuogeshea ng'ombe: nyingi zimetengenezwa kwa viambato ambavyo ng'ombe anavivumilia na paka vinamtia degedege. Na zile dawa za usafi zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizichanganya na maji, ziishie chooni.

Jambo moja zaidi kwa wenye maghala. Kama umetega sumu ya panya siku za karibuni, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Sumu nyingi huzuia damu kuganda. Paka aliyekula panya mwenye sumu hiyo akipasuliwa anaweza kutoka damu mpaka afe, na wewe utasema kisu.

"Aliyehasiwa hawindi"

Hii nayo tuimalize. Paka hawindi kwa korodani. Anawinda kwa macho, masikio na silika aliyozaliwa nayo, na mama yake akamfundisha. Anachopoteza dume ni kuzurura usiku kutafuta majike, kupigana na kurudi na majipu. Maana yake anabaki karibu na ghala lako. Jike naye hazai tena kila baada ya miezi michache, vitoto ambavyo huishia kutupwa jalalani kwenye mfuko. Kweli, aliyehasiwa hunenepa kirahisi. Basi mpunguzie chakula. Usimnyime kabisa ukidhani njaa ndiyo itamfanya mwindaji. Ila dume usimwamini mara moja: anaweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, mtenge kama mwezi mmoja.

Piga hesabu mwenyewe. Panya mmoja akila gramu 15 tu za mahindi kwa siku, kwa mwaka anamaliza zaidi ya kilo 5, mbali na anayoyakojolea mnunuzi akayakataa. Na panya hakai mmoja. Mtu anayepeleka mzigo Kibaigwa anajua gunia lenye kinyesi cha panya linavyoshushwa bei. Paka mzuri ni mali. Mbona mali hii tunashindwa kuitunza siku kumi?

Na sisi wataalamu

Sitaki kuwatupia lawama zote wafugaji. Yule mzee aliniuliza swali moja lililoninyamazisha: "Nani aliniambia hayo?" Hakuna. Mimi nilimwambia ampeleke paka, daktari akamshona, na kati yetu wawili hakuna aliyekaa naye dakika tano kumweleza habari ya panadoli. Kumwambia mtu "nenda naye salama" si ushauri. Nilimwomba radhi pale pale sokoni, mbele ya wale wale waliosikia akinisema.

Sisemi kwamba paka hafi hata akitunzwa. Dawa ya usingizi ina hatari zake, na daktari akwambie mapema. Ninachokataa ni kuacha kazi nzuri kwa sababu ya vifo tunavyovisababisha wenyewe nyumbani kisha tukavitupia kisu.

Kwa hiyo kuanzia sasa, ukipeleka paka, usitoke bila maelekezo. Yaandikwe kwenye karatasi: dawa, siku ya kutoa nyuzi, namba ya kupiga. Ukimpeleka, uliza na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anakipata na anakiambukiza. Asiyekupa maelekezo mdai. Hata kama ni mimi.

Mzee ana kitoto kingine cha paka sasa. Amesema akikua atampeleka, lakini safari hii niende naye. Nitakwenda.

Wiki ijayo tutarudi kwenye kukausha mahindi. Kazi njema.