Sikio la Mpokea Simu

Mwezi huu tunazungumza na kina mama ambao binti zao, au wao wenyewe, wameajiriwa kupokea simu za wateja katika makampuni ya simu, mabenki, bima na kwingineko. Ni kazi ya kukaa, na wengi huiona nyepesi. Lakini mtu anayevaa hedseti saa nane kila siku ameweka rehani sikio, shingo na koo lake kwa kifaa kimoja, na mara nyingi kifaa hicho kimechaguliwa na mtu asiyekivaa, kwa kutazama bei tu.

Hedseti ni ile spika ya sikioni iliyoungana na kipaza sauti kidogo kinachofika karibu na mdomo, ili mikono ibaki huru kuandika. Asiyekuwa nayo hubana simu kati ya sikio na bega, na sisi wauguzi tunazijua shingo za namna hiyo! Kwa hiyo swali si kama ivaliwe, bali ivaliwe ipi.

Jambo linalowatatanisha wengi ni kama ichukuliwe ya sikio moja au ya masikio mawili. Ya sikio moja ni nyepesi, haileti joto, na humwachia mhudumu sikio la pili la kumsikia msimamizi wake. Katika ofisi tulivu ya watu wanne au watano inatosha kabisa. Lakini katika ukumbi wa watu hamsini wanaosema kwa pamoja, lile sikio lililo wazi hupokea vurugu yote, na mhudumu, ili amsikie mteja, huongeza sauti. Huongeza asubuhi, huongeza tena mchana, na jioni anarudi nyumbani masikio yakivuma. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kikomo cha mfanyakazi. Kila zikiongezeka desibeli 3 muda hupungua nusu, yaani desibeli 88 ni za saa 4 tu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba wapokea simu wengi hawafiki 85, na hilo linatia moyo. Hata hivyo, vile vinyweleo vidogo mno vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena. Penye kelele, basi, tunashauri masikio mawili, na sauti iwekwe chini.

Hapo huja tatizo jingine. Masikio yakizibwa yote, mtu hupaza sauti bila kujijua, kama kijana aliyevaa spika za muziki anavyokujibu kwa makelele ukimwita kula. Mhudumu akisema hivyo zamu nzima, sauti humkauka. Hedseti nzuri humrudishia mvaaji sauti yake mwenyewe kidogo sikioni, akajipima. Ni rahisi kujaribu: avae, aseme maneno mawili matatu simu ikiwa hewani, asikilize kama anajisikia.

Tahadhari pia na maneno ya kwenye boksi. Ukisoma kwamba kifaa kinazuia kelele, uliza kelele za nani. Mara nyingi ni kipaza sauti ndicho kinachochuja kelele za ofisi zisimfikie mteja, wala mhudumu hapati nafuu yoyote. Na kipaza sauti hicho kikae upande, karibu na pembe ya mdomo, upana wa vidole viwili hivi, si mbele ya pumzi.

Kuhusu waya hatuna mengi. Mtu asiyeinuka kitini hahitaji hedseti ya betri. Ya waya ni nafuu na haizimiki katikati ya mazungumzo. Hakikisha tu kwamba kichomekeo chake kinaingia katika simu au kompyuta ya pale kazini.

Lililo muhimu zaidi ya waya ni kizuizi cha sauti ya ghafla. Wakati mwingine mlio mkali hupasuka kwenye laini ukamwacha mtu na maumivu na kizunguzungu. Uingereza hedseti za kazi hii huwa na kizuizi kisichoruhusu sauti ipite desibeli 118. Muuzaji aulizwe kama kizuizi kipo. Kama haelewi swali, tafuta muuzaji mwingine.

Sasa tuje kwenye jambo linalotukera sana sisi wauguzi: hedseti moja kuvaliwa na watu watatu kwa zamu. Sponji hunywa jasho na mafuta ya nywele, na sikio lenye unyevu na mikwaruzo hupata maambukizi upesi. Ngozi ya bandia ni bora kwa kuwa hufutika. Ikianza kupasuka ibadilishwe. Kama ofisi haiwezi kununua hedseti kwa kila mtu, inunue walau vifuniko vya sikioni vya kila mtu na jina lake. Wakubwa wa kazi wakinung'unika, wakumbushwe kwamba Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na afya ya mfanyakazi awapo kazini ni wajibu wa mwajiri.

Binti akipewa nafasi ya kuchagua, aivae hedseti zamu nzima kabla ya kukubali, kwa maana inayostarehesha dakika tano dukani huweza kubana kichwa ifikapo saa nane mchana. Ingefaa pia apimwe usikivu mwanzoni mwa ajira, ili baadaye pawe na kipimo cha kulinganisha. Aende asubuhi kabla ya zamu, si jioni anapotoka kazini, kwani sikio lililochoka huonekana bovu kuliko lilivyo.