Shingo Yako Haina Makosa, Pima Cheni

Kuna ushauri nimechoka kuusikia: "Kama shingo yako ni nene, usivae cheni fupi." Nani aliwaambia?

Mwaka jana niliagiza cheni mtandaoni, inchi 16. Kwenye picha ilimkaa yule modeli vizuri, chini ya koo. Kwangu ikanikaba kama kola ya shati la shule. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu eti nipunguze kilo. Jameni! Na nilimwamini, hiyo ndiyo inaniuma.

Niliacha chuo, lakini hesabu hii hainishindi. Inchi 16 ni kama sentimita 40. Shingo yangu ni 38. Zinabaki sentimita mbili tu, sasa hiyo cheni itaning'inia wapi? Mwenye shingo ya 32, ileile inamlegea vizuri. Cheni ni moja, shingo ndizo tofauti.

Kwa hivyo chukua uzi, zungusha shingoni, kisha uweke kwenye rula. Ongeza sentimita 5 ikae chini ya koo, 10 ikiwa unataka ishuke kidogo. Basi. Kwangu cheni "fupi" ni inchi 18, na siombi msamaha kwa mtu.

Mama wa shanga pale Maasai Market hunipima shingo kwanza ndio afunge uzi. Hajawahi kuniambia nikonde. Nyinyi wa mtandaoni, leteni saizi zote na muachane na miili yetu.